Majani Yaliyopakwa Mafuta

Hakuna dereva wa lori aliyepita Malaba bila kuambiwa ukweli wake na Zilpa. Foleni ya kuvuka kwenda Uganda iliporefuka, ikapita soko, ikapita kituo cha mafuta, ikafika mbele ya kitalu chake cha maua, alitoka na kandambili zake na kugonga mlango wa lori kwa kiganja.

"Boss, zima injini. Unanipikia maua."

Wengine walizima. Wengine walipandisha kioo. Hussein, dereva aliyepita hapo mara kwa mara mpaka akajiona mwenyeji, alimweleza kwa upole kwamba betri yake ilikuwa ya kuombea tu, na kwamba akizima, foleni ikisonga itabidi yeye Zilpa aje kusukuma lori. Zilpa akamjibu kwamba mtu anayevusha mzigo nchi mbili kwa betri ya kuombea angekuwa padri, si dereva. Hussein alicheka mpaka akaegemea usukani. Injini hakuizima.

Moshi wa dizeli haukuwa na haraka. Ulitua juu ya majani, ukachanganyika na vumbi, ukawa kama unga mweusi. Jani likifunikwa hivyo halioni jua, na chini yake, mahali linapopumulia, hewa mbaya huingia na kulichoma polepole. Kwanza kingo zilikuwa za kahawia, kisha madoa, kisha jani likaanguka likiwa bado bichi nusu. Zilpa aliyajua hayo tangu chuo cha kilimo, alikopata diploma yake, na kwa kuwa hakuweza kuihamisha barabara, aliihamisha mimea. Upande wa barabara alipanda kayaba na bugenvilia, mimea sugu, ipokee moshi kwanza. Nyuma yake akatundika neti nyeusi. Waridi na mimea mingine dhaifu aliiweka karibu na ukuta wa nyumba. Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, alibeba pampu ya mgongoni na kuosha majani kwa maji matupu, juu na chini, hasa chini. Mmea ulioumia hakuutilia mbolea mpaka upone. Mgonjwa, alisema, halishwi pilau.

Kazi ile ilikuwa ya kuchosha, na faida yake ilikuwa ndogo, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Uwanja wa kitalu haukuwa wake. Ulikuwa wa mama mkwe wake, Mama Apeduno wa Angurai, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Fundi mmoja wa magurudumu ya malori aliutaka uwanja ule, na mashemeji wa Zilpa walimtaka fundi. Mama Apeduno aliwasikiliza wote, kisha akasema neno moja: maua yana nafasi mpaka mwisho wa mwaka. Yakishindwa, fundi aingie.

Basi Shamsa aliposimamisha gari pale kitaluni, Zilpa aliona mlango umefunguka. Shamsa alikuwa meneja wa hoteli mpya mjini Busia, iliyojengwa jirani na uwanja wa kuegeshea malori. Alitaka mimea ya kupamba lango, mapokezi na korido zote, na ambaye angemuuzia ndiye angekuwa akienda kila wiki kuitunza. Alisema angerudi Jumamosi kuchagua kwa macho yake mwenyewe. Kazi kama hiyo ingewafunga midomo mashemeji wote, na fundi angebeba jeki yake kwingine.

Wiki hiyohiyo Mama Apeduno aliletwa kutoka Angurai kwa ajili ya goti lake. Goti lilitazamwa, likapewa dawa, likaambiwa lipumzike. Goti lilipumzika. Mikono haikupumzika.

Alianza na Vivianne, mjukuu wake. Mtoto alikuwa akienda shule akiwa ameoga vizuri, lakini macho ya bibi yake yaliona magoti yamepauka. Mama Apeduno hakuwahi kulea mtoto aliyepauka, na hakuwa na nia ya kuanza uzeeni. Tangu siku ile Vivianne alitoka nyumbani aking'aa paji, magoti na visigino, na vumbi lote la njiani likamganda mpaka alirudi jioni akionekana kama aliyelima. Zilpa aliona, akaliacha lipite. Mtoto huogeshwa, akatakata.

Alhamisi Zilpa alikwenda Busia kununua vyungu. Aliporudi mchana, alisimama langoni na mzigo kichwani. Kitalu kilikuwa kinametameta. Drasena, krotoni, na ile mimea yenye majani mapana mazito ambayo watu huiita mpira, yote ilimulika jua kama sufuria zilizosuguliwa. Katikati yake, juu ya kigoda, alikaa mama mkwe na kitambaa mkononi na mtungi wa mafuta ya kupikia miguuni.

"Yalikuwa yamepauka, mama Vivianne," akasema Mama Apeduno. "Utauzaje kitu kimepauka? Hata shukrani sitaki."

Zilpa aliyegonga milango ya malori, Zilpa aliyemfukuza karani wa soko kwa maneno mpaka akaacha kofia, aliinamisha macho. Nyumbani kwao Nangina alifundishwa kwamba mwanamke aliyeolewa anaweza kugombana na dunia nzima, lakini kwa mama wa mumewe hutoa maneno kama anavyompa chakula, kwa mikono miwili na kwa kuinama. Alitua vyungu. Akamsalimia. Akamwuliza hali ya goti. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akaliambia tangi la maji maneno yote aliyoshindwa kuyasema mbele.

Aliporudi alijaribu kueleza, kwa sauti ya chini kabisa. Alisema kwamba majani, Mama, hupumua, hasa upande wa chini, na mafuta yakiziba vile vitundu vidogo, jani hukosa pumzi. Na mafuta juani hupata moto. Na moshi wa malori ukitua juu ya mafuta hautoki tena kwa maji.

Mama Apeduno alisikiliza kwa adabu. "Hata ngozi inapumua," akasema. "Umewahi kuzika mtu aliyekufa kwa kupakwa mafuta?"

Zilpa akasema hapana, Mama. Akaenda tena kwenye tangi.

Ijumaa mitambo ya forodha ilikwama, kama ilivyokuwa ikikwama kila watu walipokuwa na haraka. Foleni ikanyooka kuelekea nyuma hadi pale ambapo mtu hakuweza kuona mwisho wake. Malori yalinguruma palepale tangu asubuhi. Moshi ulitua juu ya majani yenye mafuta kama unga unavyotua juu ya kikaango kilichopakwa samli, ukakaa. Kufikia adhuhuri mimea ilikuwa inang'aa, lakini kwa weusi. Zilpa alileta pampu na maji. Maji yaliteleza juu ya majani katika vitone vya duara, yakaanguka chini yakiwa safi vilevile yalivyopanda. Mama Apeduno alitikisa kichwa kwa huruma, akachukua kitambaa, akafuta masizi na kupaka upya. Akamwambia Zilpa kwamba mafuta yanakaribia kuisha.

Jioni Zilpa alimbana mumewe. Omoding alifanya kazi na mawakala wa mizigo pale mpakani, mtu wa kuongea na kila afisa kwa lugha yake mpaka akampigia muhuri. Zilpa alimwambia kwamba hiyo ni kazi ndogo tu: amwambie mama yake aache majani. Omoding alikaza mkanda, akaenda alipoketi mama yake. Zilpa alisikia mazungumzo ya Kiteso, kisha kicheko, kisha kicheko kingine. Mumewe akarudi anatafuna hindi la kuchoma.

"Umemwambia?"

"Nimemsalimia vizuri," akasema Omoding. "Ana furaha. Anasema anakusaidia."

Zilpa alimtazama mumewe na hindi lake. Kisha akamwambia kwamba serikali zote mbili zilikuwa na bahati kumpata, kwa kuwa nyumbani hakuwa na kazi yoyote.

Jumamosi alijiandaa kwa ujanja wake. Mimea ambayo Mama Apeduno hakuifikia, ile ya nyuma ya neti, aliitoa akaipanga mbele, imeoshwa, majani yake mazima, rangi yake ile tulivu ya mmea wenye afya. Iliyopakwa mafuta aliisukuma pembeni karibu na choo. Mama Apeduno alipoamka, aliona wageni wanakuja, huku mimea mizuri imefichwa kando ya choo kama aibu. Akaipaka tena kidogo, akaivuta chungu kimoja kimoja mpaka njiani, goti au si goti.

Shamsa alifika amevaa baibui safi, na akakanyaga kwa uangalifu kati ya vyungu. Aliipita mimea ya Zilpa kama mtu anavyopita mabenchi matupu. Alipofika kwenye ile inayong'aa, akasimama.

"Hizi sasa," akasema. "Hizi ndizo nataka. Zote."

Mama Apeduno alikaza kilemba chake, akatazama juu kama mtu asiyehusika.

Zilpa alijua kwamba angeweza kunyamaza. Gari lingekuja, mimea ingepakiwa, uwanja ungekuwa umeokoka, na mama mkwe angerudi Angurai na heshima yake. Kisha, pale Busia, kwenye moshi mwingi kuliko huu, majani yangeanguka moja baada ya jingine mbele ya wageni wa hoteli, na jina lake lingeanguka nayo. Na akisema ukweli, angekuwa amemvua nguo mama wa mumewe mbele ya mgeni, kwenye uwanja wa huyo mama mwenyewe. Kila upande kulikuwa na shimo. Alikasirika kwamba mtu mwenye kazi nyingi kama yeye alitakiwa achague shimo.

"Hizo sikuuzii," akasema.

Shamsa aligeuka. "Unasema?"

"Hizo zina mafuta, dada. Mafuta ya kupikia. Zitakufa mikononi mwako kabla rangi ya ukuta haijakauka. Chukua hizi hapa, hazing'ai lakini ni nzima."

"Nani anapaka maua mafuta ya kupikia?"

"Zilipakwa hapa kwangu," Zilpa akasema haraka. "Kitalu ni changu."

Alidhani hapo amefunika. Lakini kigoda kililia, na Mama Apeduno akasimama, akajinyoosha.

"Nilipaka mimi," akasema. "Na hazijafa. Ziangalie mwenyewe, madam. Kati ya hizi na hizo zake, zipi zina uhai?"

Shamsa alitazama mimea, akamtazama mama, akamtazama Zilpa. Alipitisha kidole juu ya jani moja, akakitazama kidole chake, akakipangusa kwa kitambaa. Alisema kwamba ana hoteli ya kufungua na hana nafasi ya kusikiliza kesi ya mke na mama mkwe. Atarudi mwezi ukiandama. Kama zile za mafuta zitakuwa zimekufa, atajua Zilpa anaijua kazi yake, na atamwamini kwa mengine yote. Kama zitakuwa hai, atakwenda kununua kwa mtu ambaye hamkatalii mteja kile alichokipenda.

Gari likaondoka. Mama Apeduno akaingia ndani. Tangu saa ile hakumsemesha Zilpa. Akitaka chumvi, alimwambia Omoding, naye Omoding akamwambia Zilpa, aliyekuwa amekaa kando ya chumvi.

Kwa hiyo Zilpa akajikuta katika hali ambayo hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kumtayarishia: kazi yake yote ya maisha ilikuwa kuzuia mimea isife, na sasa alihitaji ife. Nayo ilianza bila kukawia. Madoa ya kahawia yalitokea katikati ya majani, pale mafuta yalipopata moto wa jua. Kingo zikajikunja. Majani ya chini yakaanza kudondoka. Kila jani lilikuwa shahidi wake. Alipaswa kufurahi.

Lakini majani hayakuonekana ardhini. Siku moja akachungulia dirishani, akamwona Mama Apeduno akizunguka vyungu polepole kwa goti lake bovu, akiokota majani yaliyoanguka na kuyaficha chini ya leso aliyojifunga. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Zilpa alirudi nyuma asionekane. Alitaka kucheka na hakuweza, na hilo likamkasirisha zaidi.

Kesho yake asubuhi alisikia sauti ya kukwaruza. Alitoka nje. Mama mkwe alikuwa ameinamia mmea ule wa majani mapana, na beseni la maji, na kipande cha sabuni ya kufulia, na brashi ya kusugulia nguo. Alikuwa anasugua jani kama kola ya shati la shule. Masizi yalikuwa yanatoka. Ngozi ya jani pia ilikuwa inatoka.

Zilpa alisimama. Akajiambia ageuke arudi ndani. Akajiambia kwamba brashi ile ilikuwa inamalizia kazi, na kwamba akinyamaza siku chache tu, atakuwa na hoteli na uwanja. Alijiambia yote hayo, na wakati huohuo miguu yake ilikuwa inavuka uwanja.

"Weka chini hiyo brashi," akasema. Sauti ilikuwa ile ya barabarani, ile ya kugonga malori. Ilitoka kabla hajaipima. "Unalichuna. Jani si shati. Na hiyo sabuni ni kali, itamaliza kile mafuta yalichobakisha. Weka chini."

Mama Apeduno aliweka brashi chini.

Zilpa hakuomba radhi, maana alijua akianza kuomba radhi atasahau alichotaka kufanya. Alimwaga maji ya beseni, akaleta ya uvuguvugu, akatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache tu. Akaleta sifongo laini. Akamwonesha: kiganja kimoja chini ya jani kulishikilia, mkono mwingine unafuta kwa kuvuta kutoka shinani kwenda nchani, juu kisha chini, halafu maji matupu mpaka povu liishe. Jani lililokufa likatwe, halitafufuka. Kisha mmea wote uende nyuma ya nyumba, kivulini, mbali na barabara, usitiliwe mbolea, unyweshwe kidogo kidogo. Alieleza yote kwa ukali, kwa sababu alikuwa anajikasirikia. Alikuwa anachimba kaburi la biashara yake kwa sifongo.

Wakaosha pamoja. Jua lilipanda. Lori likasimama mbele na kunguruma, na hakuna aliyekwenda kuligonga.

"Ungeniambia hivi siku ya kwanza," akasema Mama Apeduno.

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia kama mgeni. Kila mtu kwenye barabara hii unamfokea, mimi unaninong'oneza. Nikajua ni jambo dogo." Alikamua sifongo. "Kitu kikubwa mtu hukisema kwa sauti."

Zilpa alikumbuka kuinama kote kule, na safari zote za kwenye tangi, na hindi la Omoding. Akaendelea kufuta jani.

Mwezi ulipoandama, Shamsa alirudi. Akapelekwa nyuma ya nyumba. Mimea ilisimama pale nusu uchi, mashina yana makovu, majani machache yamebaki, lakini kwenye ncha za ile mimea ya mpira kulikuwa na vichipukizi vyekundu vilivyochongoka, na krotoni zilikuwa zimeanza kutoa majani madogo ya manjano.

Shamsa alizunguka mara moja. "Sasa hizi zimekufa ama hazijakufa?"

Zilpa alikuwa na jibu la kitaalamu na alikuwa anavuta pumzi alitoe. Mama Apeduno alimtangulia.

"Zilikuwa zinakufa," akasema. "Mafuta yangu yalikuwa yanaziua. Mwanangu huyu alisema mbele yako, ukasikia, na mimi nikabisha. Kisha akaziponya. Angeziacha zife angekula pesa yako, lakini hakuziacha. Kama hutaki kununua kwa mtu wa namna hiyo, basi barabara ile pale."

Shamsa akarudi mbele ya nyumba, nyuma ya neti, akaanza kuchagua miongoni mwa ile isiyong'aa. Alichagua ya lango, ya mapokezi, ya korido. Aliuliza kila mmoja unavumilia nini, na Zilpa akamjibu bila kupaka sukari: huu usiuweke upande wa malori, huu unaweza, huu mwaridi usiuchukue kabisa, utalia. Wakakubaliana juu ya kwenda kila wiki. Mama Apeduno alimwita Omoding kwa simu palepale, akamwambia kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba yule fundi wa magurudumu atafute uwanja kwingine, na kwamba ndugu zake Omoding wakiwa na la kusema, wasijisumbue kumpigia.

Vyungu vilipokuwa vinapakiwa, Shamsa aliusogelea mmea mmoja, akainamisha kichwa. Alisema kwamba siku ya ufunguzi kutakuwa na wakubwa, na wapiga picha, na hivyo basi, kwa siku ile moja tu, je, haiwezekani kuipangusa na kitu kidogo ing'ae?

Zilpa alivuta pumzi. Alichelewa.

"Madam," akasema Mama Apeduno, akimshika mkono, "nikueleze kuhusu majani. Jani linapumua. Linapumua chini, huku, kwenye vitundu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Ukiweka mafuta, umelifunga pua. Halafu moshi unakuja unakaa juu. Mimi nimekaa na maua haya, nayajua. Hotelini kwako waambie wasichana: hakuna mafuta, hakuna maziwa, hakuna sijui nini. Maji matupu, kiganja kimoja chini. Wayaoshe mchana, jua likiwa kali, ili yakauke haraka."

"Asubuhi, Mama," akasema Zilpa kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni. "Si mchana. Mchana yanaungua. Asubuhi."

Mama Apeduno hakugeuka. "Nilikuwa nafika hapo," akasema, na akaendelea.